Sababu ya Likizo

Kwenye fomu, pale palipoandikwa "sababu",
niliandika: maua.
Bwana Friesen, msimamizi wetu wa ufuaji hospitalini,
alivua miwani, akaivaa tena.
"Umefiwa?"
"La," nikasema. "Nina mti."

Ni mtufaha mwitu, si ule wa sokoni.
Tunda lake kama ushanga, chachu ya kukunja uso.
Haupandwi kwa ajili ya tumbo.

Wa kwanza niliuua mwenyewe.
Niliuchimbia shimo la mgomba,
nikidhani kina ndiyo mapenzi,
nikajaza samadi, nikajaza maji, nikajaza dua.
Theluji ilipotoka mwezi wa nne
nikakuta fimbo.

Halyna Prokopchuk, jirani wa upande wa jua,
akaegemea ua: "Hukuupanda huu. Uliuzika."
Akanionyesha goti la mti,
pale shina linapovimba juu ya mizizi.
"Hapa pabaki nje. Ukipafunika
panaoza kimyakimya,
kama mtu asiyeulizwa hali."

Wa pili aliula sungura.
Sungura wa Saskatoon hana hila za ngano;
ana meno, ana njaa,
ana usiku wa saa kumi na sita.
Alipanda juu ya theluji kama juu ya kigoda
akalimenya gome, mzunguko mzima,
kama muwa.

Basi wa tatu nikauvika.
Waya wa kuku hadi kifuani,
ndani yake bendeji nyeupe toka kisiginoni,
maana jua la Februari lina unafiki:
mchana hulipapasa gome, gome likaamka, likaamini,
usiku digrii thelathini na tano chini ya sifuri
zikalipasua.
"Mama," akasema Rukia, "umeuvalisha mti soksi za shule."
Nikamwambia hata wewe nilikuvalisha, ukalia,
na vidole vyako vyote kumi unavyo.

Mchumia juani hulia kivulini, walisema.
Mchumia barafuni hawakumsema.
Hawakuwahi kumwona,
na makoti mawili na koleo,
akizungumza na kijiti.

Miaka mitano majani tu.
Mwaka jana ukachanua,
nami nilikuwa na zamu mbili kwa siku,
shuka za wagonjwa mia nne, mvuke, mashine zinazonguruma.
Nilikuwa nikirudi nimelala tayari, isipokuwa miguu.
Maua hukaa siku tisa, upepo wa nyanda ukikubali.
Haukukubali. Ulikuja Alhamisi.
Nilipoinua macho, yote yalikuwa chini,
mengine yamebandika kwenye kioo cha gari la Halyna,
na mlangoni kwangu tawi moja,
kwenye chupa ya matango ya siki,
limeshanyauka.
Nikasimama na funguo mkononi
kama mtu aliyekosa harusi
aliyoigharimia mwenyewe.

Ndiyo maana leo
nimeketi kwenye kiti cha plastiki
tangu chai ya kwanza.
Vitumba ni vyekundu, vyekundu wa hasira,
vikifunguka vinapauka,
vikizeeka ni vyeupe kabisa;
tawi moja lina hali zote tatu
na halioni ajabu.
Nyuki wamefika bila fomu.

Saa nne Halyna amevuka na mkongojo wake,
ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Hatujasema neno. Amenusa, amepiga chafya,
amecheka, amefuta macho,
sijui ni chafya au ni nini.

Pale kushoto kuna kitawi kimeungua bila moto,
ncha imejikunja kama mpini wa bakora.
Ugonjwa huo naujua. Utakwenda chini usipowahiwa.
Kisu kipo, spiriti ya kukioshea ipo,
shubiri moja na zaidi chini ya kidonda, ndivyo hukatwa.

Kesho.
Leo sikati kitu.